Mwerebi kandokando ya mito ya Kasese na Bwera

Mwerebi ni mti wa penye maji. Hustawi kwenye mchanga wa mto na ukingo unaolowa mara kwa mara, na huota kutokana na kijiti kitupu kilichochomekwa ardhini. Kwa sababu ya sifa hizo mbili, kila msimu wa mvua wakazi wa kando ya mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha huuliza swali lile lile: je, ukipandwa, mto utaacha kula shamba? Jibu hutegemea mto wenyewe. Kwenye kijito na ukingo wa udongo laini, mwerebi husaidia sana. Mbele ya mto unaobingirisha mawe, hausaidii. Na kabla ya yote hayo lipo jambo jingine: mti unaoitwa mwerebi katika nyua nyingi za Kasese si mwerebi hata kidogo, na baadhi ya miti inayofananishwa nao ina sumu. Ndiyo maana utambuzi hutangulia upanzi.

Mierebi inayohusika

Jenasi ya mwerebi, Salix, ina spishi zipatazo 400, nyingi zikiwa za nchi za baridi. Kwa mpanzi wa Kasese zinazohusika ni mbili tu.

- Mwerebi wa Kiafrika (Salix mucronata, ambao vitabu vingi vya Afrika Mashariki huuita Salix subserrata). Ni mti mdogo au kichaka kikubwa cha kandokando ya mito. Matawi yake husimama au huinama kidogo tu, na vitawi vichanga mara nyingi huwa na wekundu.
- Mwerebi unaoinama (Salix babylonica). Asili yake ni China. Ndio wa kwenye picha za bustani, ambao vitawi vyake virefu huning'inia hadi karibu na ardhi.

Jina la huo wa pili lilitokana na kosa. Carl Linnaeus aliuita wa Babeli mwaka 1753 akidhani ndio mti wa mito ya Babeli unaotajwa katika Zaburi ya 137. Wataalamu wa mimea sasa huona kwamba mti wa kule ni jamaa yake mwingine, Populus euphratica. Kwa hiyo anayetaka kuupanda uani kwa ajili ya Zaburi ajue amepanda mti wa Kichina, ingawa kivuli chake ni kizuri vilevile.

Alama za kuutambua

Alama moja haitoshi. Zitafutwe zote kwa pamoja, kwenye tawi moja lenye majani yaliyokomaa.

- Jani ni jembamba na refu, limechongoka nchani, na kikonyo chake ni kifupi. Kingo zake zina vijino vidogo sana, ambavyo huonekana vizuri jani likishikwa juani.
- Majani hupishana kwenye kitawi: moja huku, jingine kule. Hayakai mawili mawili yakitazamana, wala matatu matatu kwenye pingili moja.
- Upande wa chini wa jani kwa kawaida umepauka kuliko wa juu.
- Chipukizi lililo kwenye kwapa la jani limefunikwa na gamba moja tu, lililolalia kitawi. Miti mingi huwa na magamba kadhaa yaliyopandana, kwa hiyo hii ni alama nzuri sana kwa mwenye macho makali au kioo cha kukuzia.
- Maua hayana petali. Hutokea kwenye vishada vyembamba vyenye manyoya laini. Mti mmoja huwa wa kiume au wa kike, si vyote viwili.
- Tunda la mti wa kike hupasuka na kutoa mbegu ndogo zenye pamba nyeupe inayopeperuka.
- Jani likifikichwa halitoi harufu kali ya mafuta, na kitawi kikikatwa hakitoi utomvu mweupe.

Alama hiyo ya mwisho ndiyo ya kushika kuliko zote. Mti wowote unaotoa maziwa unapokatwa si mwerebi, hata kama jani lake ni jembamba namna gani.

Miti inayodanganya

Unaoongoza kwa kudanganya ni Callistemon, mti wenye maua mekundu mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Matawi yake huinama, majani yake ni membamba, na umejaa kwenye nyua za shule, makanisa na ofisi. Majani yake ni magumu na hutoa harufu yakifikichwa, na matunda yake ni vifundo vigumu vilivyong'ang'ania kitawi kwa miaka. Hauna madhara, ila kijiti chake kikichomekwa mtoni kama cha mwerebi, kwa kawaida kitakauka.

Wa pili ni Polyalthia longifolia, ule mrefu mwembamba unaopangwa kwa safu kando ya malango. Majani yake yananing'inia na kung'aa, na kingo zake zimejikunja kwa mawimbi. Mvinje nao huonekana kwa mbali kama unaoinama, lakini ukiukaribia hauna majani ya kawaida, ni vijiti vya kijani vyenye pingili. Mkaratusi hutambulika kwa harufu yake.

Miwili iliyobaki ndiyo ya hatari:

- Nerium oleander. Majani yake ni membamba na magumu, mara nyingi hutoka matatu matatu kwenye pingili moja. Maua ni ya waridi, meupe au mekundu.
- Cascabela thevetia. Majani yake ni membamba sana na yanang'aa, maua ni ya manjano yenye umbo la tarumbeta, na ukikatwa hutoa maziwa meupe. Hupandwa sana kama ua wa nyumba.

Sumu ya miti hii hushambulia moyo, na imo katika sehemu zote za mti, mbegu zikiwemo. Mtu aliyesikia kwamba majani ya mwerebi ni chakula cha mbuzi, kisha akakata matawi ya ua wa jirani bila kuchunguza, anaweza kupoteza mifugo yake. Mtu aliyesikia kwamba gome la mwerebi ni dawa ya homa anaweza kupoteza zaidi ya mbuzi.

Kuhusu hilo gome: ni kweli lina salisini, kemikali iliyo ndugu ya aspirini, na aspirini yenyewe ilitengenezwa na Felix Hoffmann katika kampuni ya Bayer mwaka 1897. Lakini salisini haiui vijidudu vya malaria, na homa ya tambarare ya Kasese inaweza kuwa malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya akapimwe. Hata aspirini yenyewe haipewi watoto bila agizo la daktari.

Mahali unapofaa na usipofaa

Mji wa Kasese umelala kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na ni mahali pa joto na ukame kuliko miteremko ya Rwenzori iliyo juu yake. Mwerebi uliopandwa uani mjini, mbali na maji, utadumaa, utashambuliwa na mchwa na hatimaye utakauka, isipokuwa kama unamwagiliwa mwaka mzima. Wenye ua mkavu wanaotaka kivuli wapande mti mwingine. Kuupanda mbali na maji kisha kuubebea ndoo za maji kila jioni ni kujitafutia kazi.

Unafaa penye mojawapo ya haya:

- ukingo wa kijito kinachotiririka mwaka mzima, mteremko wake ukiwa wa wastani;
- bonde lenye maji karibu na uso wa ardhi, yaani ukichimba urefu wa mkono wakati wa kiangazi unakuta unyevu;
- kando ya bwawa la samaki, upande wa nje wa tuta, kamwe si juu ya tuta lenyewe;
- sehemu za juu zenye ubaridi, ambako hata huo unaoinama huvumilia vizuri kuliko tambarare.

Haufai kabisa karibu na mabomba. Mizizi ya mwerebi hufuata maji, na huingia kwenye ufa wowote wa bomba, karo au tangi la choo, kisha hujaa humo hadi maji yakazibwa. Vijiji vingi vya miteremkoni vinategemea maji ya mtiririko yanayoshuka kwa mabomba kutoka mlimani, na bomba la namna hiyo likizibwa hukausha mabomba ya watu wengi, si ya aliyepanda pekee. Umbali wa mita 15 ndio wa chini, na 20 ni bora. Kwenye mifereji ya umwagiliaji kama ya Mubuku, kuta za mfereji zisipandwe mwerebi hata mmoja, maana mizizi hupasua kuta na majani huziba njia.

Swali la mafuriko

Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake na kuharibu nyumba, madaraja na hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 ukarudia. Aliyeona mawe yaliyoachwa bondeni baada ya maji kupungua, mengine makubwa kuliko gari, haulizi tena kama mti unaweza kuyazuia. Hakuna safu ya mierebi inayosimama mbele ya mzigo huo, na anayewaambia majirani kwamba inasimama anawapa moyo wa kujenga mahali pasipofaa kujengwa. Kazi hiyo ni ya kuta za mawe yaliyofungwa kwa wavu wa waya, ya kusafisha njia ya mto, na zaidi ya yote ya kuacha nafasi.

Hali kadhalika maporomoko ya mlimani, kama yale ya Kasika, kata ya Rukoki, yaliyoua watu mwezi Septemba 2022. Mizizi ya mwerebi haiendi chini sana, na mti wenyewe unataka maji. Kilima kikali kinahitaji miti ya mizizi mirefu, makinga maji na majani ya kufunika udongo.

Kinachobaki kwa mwerebi si kidogo hata hivyo: vijito vinavyolisha mito hiyo, kingo za mchanga na tope, na mikono ya mto ambayo maji hupita taratibu. Huko ndiko udongo mwingi huanza kupotea, mkono mmoja kwa mwaka, bila mtu kuandika habari.

Vijiti na wakati wake

Mbegu za mwerebi hufa siku chache baada ya kudondoka, kwa hiyo hakuna faida ya kuzitafuta wala kununua pakiti yake. Mti hupandwa kwa vijiti.

1. Uchaguliwe mti mzima wenye afya, uliokwisha kutambuliwa kwa alama zote.
2. Yakatwe matawi ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa msumeno au panga kali. Panga butu hupondaponda gome, na kijiti huozea hapo.
3. Kwa kitalu, kijiti kiwe na unene wa kidole na urefu wa sentimita 25 hadi 30. Kwa ukingo wa mto, kiwe na unene wa sentimita 3 hadi 5 na urefu wa mita 1 hadi 1.5.
4. Ncha ya chini ikatwe mshazari, ya juu ikatwe sawasawa. Mkato huo hutofautisha chini na juu, maana kijiti kilichopinduliwa huchelewa au hakioti.
5. Majani yote yaondolewe.
6. Vijiti vilowekwe kwenye ndoo ya maji kivulini, siku moja au mbili, kisha vipandwe. Kijiti kilichopigwa na jua mchana mzima juu ya bodaboda ni kuni.

Wilaya ya Kasese ina misimu miwili ya mvua: Machi hadi Mei, na Agosti au Septemba hadi Novemba. Kitalu na ua vinaweza kupandwa katika msimu wowote. Kwenye ukingo unaofikiwa na mafuriko, msimu wa pili ni bora. Kijiti cha Machi hukutana na maji ya Mei kikiwa na mizizi ya wiki chache tu, ilhali cha Septemba kinakuwa na miezi minane. Maji makubwa yanaweza kuja pia Oktoba, ndiyo, lakini kati ya bahati mbili hiyo ndiyo nafuu.

Kupanda ukingo hatua kwa hatua

Ukingo uliosimama wima usipandwe kama ulivyo. Kwanza ulazwe kwa jembe hadi uwe mteremko ambao mtu anaweza kuupanda bila kushika kitu. Kisha:

- Kazi ianze chini, karibu na mstari wa maji ya kiangazi, ipande juu. Wengi huanza juu kwa sababu ni rahisi kusimama, na mto hula chini huku wao wakipanda.
- Tundu litobolewe kwa mtaimbo, kijiti kiingizwe, udongo ushindiliwe kwa mguu. Kijiti kisipigwe nyundo kichwani, kwani hupasuka.
- Theluthi mbili za kijiti ziwe ardhini. Juu yabaki machipukizi matatu au manne.
- Nafasi kati ya kijiti na kijiti iwe nusu mita hadi mita moja, safu ya pili ikiziba mianya ya ya kwanza.
- Penye maji ya kasi kidogo, fito mbichi zisukwe katikati ya vijiti vya safu ya chini, kiasi cha magoti, na nyuma yake pajazwe matawi na udongo. Uzio huo hushika tope huku mizizi ikitafuta nafasi yake.
- Katikati ya safu zipandwe nyasi, ziwe za vetiva au mabingobingo.

Mwerebi peke yake haufai kupandwa kilometa nzima. Ugonjwa mmoja au aina moja ya viwavi huumaliza wote. Uchanganywe na mizambarau ya mwitu, mikuyu, mikindu na mianzi.

Makosa yanayorudiwa

Kosa kubwa kuliko yote ni mbuzi. Machipukizi ya mwerebi ni matamu, na mbuzi watatu humaliza kazi ya wiki kwa asubuhi moja. Uzio wa miiba uwekwe siku ya kupanda, si siku ya kugundua hasara. Miaka miwili ya kwanza inatosha, kisha mti hupita kimo cha midomo yao.

Mengine ni madogo lakini hutokea kila msimu:

- kuweka matandazo yakigusa shina, jambo linaloita mchwa;
- kung'oa kijiti baada ya wiki mbili ili kuona kama kimetoa mizizi;
- kuacha magugu yafunike miche, ambayo haivumilii kivuli;
- kutupa matawi yaliyopogolewa mtoni.

La mwisho linastahili maelezo. Tawi la mwerebi likivunjika, huelea, hukwama penye mchanga na kuota. Australia iliweka karibu mierebi yote ya kigeni katika orodha ya magugu yake mabaya zaidi kitaifa kwa sababu hiyo hiyo: ilijaza mito na kubadili njia za maji. Nyamwamba na Mubuku huelekea Ziwa George, ambalo ni ardhioevu iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 1988, na njiani yapo maeneo ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Kwa hiyo penye mto, upandwe mwerebi wa Kiafrika. Ule wa China ubaki uani, mbali na mkondo. Na matawi yote yakusanywe yakaushwe juu, mbali na maji.

Ardhi yenye masalia ya mgodi

Shaba ya Kilembe ilichimbwa tangu miaka ya 1950, na marundo ya masalia yake bado yapo bondeni, mengine yakiliwa na Nyamwamba. Mierebi huota hata kwenye udongo mbaya, na baadhi yake hunyonya metali kama kadmiamu na zinki hadi kwenye majani. Wapo wanaosikia hilo na kufurahi kwamba mti utasafisha shamba. Utasafisha polepole mno, tena kwa sharti kwamba majani na matawi yaondolewe na kutupwa mahali salama. Kwa mkulima sheria ni nyepesi: mwerebi ulioota kwenye masalia ya mgodi usilishwe mifugo, usitumike kama matandazo ya mboga, na vijiti vyake visipelekwe shamba jingine udongo ukiwa umeshika.

Sheria kandokando ya mto

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatenga eneo la ulinzi: mita 100 kutoka kwenye mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kwenye mingine. Kupanda miti ya kulinda ukingo hakupingani na lengo la kanuni hizo. Kulima, kujenga na kuchimba mchanga ndiko kunakoleta kesi. Afisa mazingira au afisa misitu wa wilaya aulizwe kabla ya kulaza ukingo kwa jembe, kwa sababu udongo ulioguswa siku moja kabla ya mvua ni wa mto.

Wakazi wa Bwera wenye ndugu Kasindi wajue pia kwamba vijiti vya kupanda havivushwi mpaka wa Mpondwe mikononi kama vitenge. Mimea inayovuka mpaka inahitaji cheti na ukaguzi, na kijito cha upande huu kwa kawaida kina mti wa kutosha kukata vijiti.

Kupogolea na matumizi

Mwaka wa kwanza mti uachwe. Kuanzia wa pili, matawi yanayoelekea mtoni yapunguzwe ili maji makubwa yasipate cha kushika. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mti mmoja katika mitatu unaweza kukatwa hadi karibu na ardhi, nao utachipua fito nyingi zilizonyooka. Isikatwe yote mwaka mmoja, ukingo ukabaki uchi.

Fito hufaa kwa vikapu, matenga na vizimba vya kuku zikisukwa zingali mbichi. Majani ni lishe ya nyongeza ya mbuzi, yachanganywe na majani mengine. Maua ni chakula cha nyuki, jambo zuri kwa wenye mizinga. Kuni zake ni hafifu: ni nyepesi na huisha upesi. Anayetegemea kuuza kuni abaki na mkaratusi wake, mbali na chanzo cha maji.

Kuuondoa

Mwerebi uliopandwa pabaya hauondoki kwa kukatwa tu. Kisiki huchipua ndani ya wiki chache. Mti mdogo ung'olewe na mizizi yake yote ardhi ikiwa imelowa. Mkubwa ukatwe chini kabisa mwanzoni mwa kiangazi, kisha kila chipukizi livunjwe kwa mkono likiwa changa, mwezi baada ya mwezi, mpaka kisiki kiishiwe nguvu. Ulio kwenye ukingo ukatwe shina na kisiki kiachwe mahali pake, kwani kukichimbua hufungua shimo ambalo mvua ya kwanza italipanua. Nguzo za uzio zilizokatwa kutoka kwenye mti huo zikaushwe juu ya mawe kwa miezi mitatu kabla ya kusimikwa, la sivyo zitaota palepale.